Tundu Nililoliziba Mwenyewe

Kusi likishika sawasawa, kwenye mwezi wa Julai, Shela, huku kisiwani Lamu, hupata ubaridi wake. Si baridi ya Limuru, lakini mtu aliyeogelea baharini mpaka magharibi, upepo ukamkausha mgongoni, hataki tena kujimwagia kata ya maji ya birika. Anataka ya moto. Kwa hiyo nyumba nyingi za wageni huku zina heta ya gesi: kisanduku cheupe kimepigwa ukutani chooni, mtungi wa kilo 13 karibu yake au nje ya dirisha. Unafungua bomba, kinapiga cheche tak-tak-tak, moto unashika, maji yanaanza kuja moto. Mtungi ukiisha, mwingine unaletwa kwa boti hadi gatini, na kutoka gatini unapanda punda.

Mimi ni fundi wa mabomba. Nilianzia Malindi, nikarudi kwetu Lamu, na kwa jumla ni miaka 19. Heta hizo nimefunga nyingi, na moja nusura iniulie mpwa wangu. Ningependa kusema ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Niliifungua baadaye mpaka skrubu ya mwisho, nikaikuta nzima kuliko simu niliyokuwa nayo mfukoni.

Nyumba yenyewe ni ya zamani iliyotengenezwa upya. Mwenyewe yuko Ulaya, na inasimamiwa na mzee jirani yetu ambaye mimi humwita Ami ingawa hatuna damu moja. Choo cha chumba cha juu ni kidogo: mita 2 kwa mita 1.6, na dari ya boriti iko mita 2.7 kutoka chini. Nilipofunga heta mara ya kwanza, chini ya boriti palikuwa na matundu mawili yaliyotoboka hadi nje, kila moja kama upana wa daftari la shule. Dirisha lilikuwa la vibao vya mshazari, halina kioo. Mlango ulikuwa wa zamani, na chini yake paka mdogo angeweza kupitisha mkono. Yote hayo niliyaona kama unavyoona ukuta, yaani sikuyaona. Heta ilikuja bila bomba la moshi. Dukani waliniambia hizi ndogo hazihitaji. Nikaamini, kwa sababu kuamini kulinipunguzia kazi ya kutoboa ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa nusu mita.

Ikafanya kazi miaka 2 bila neno.

Kisha wageni wakaanza malalamiko yao. Popo ameingia. Mbu wanaingia. Usiku kusi likivuma, matundu yanapiga mluzi kama baharia mlevi. Maji ya kuoga yanapita chini ya mlango na kulowesha zulia. Kiyoyozi cha chumbani hakipozi kwa sababu hewa inapotelea chooni. Ami akaniita, nami nikamaliza kila kitu kwa siku 3: dirisha la kioo lenye fremu ya alumini na silikoni pande zote, mpira chini ya mlango, na matundu ya juu nikayajaza vipande vya mawe na chokaa, nikapaka hata huwezi kujua yalikuwa wapi. Nilijisifu kwa ile chokaa. Nililipwa siku ileile.

Wa kwanza kuonyesha dalili hawakuwa sisi. Walikuja mke na mume kutoka Nairobi, wakalalamika vichwa vinawauma asubuhi, wakitoka kwenda ufukweni vinatulia. Tukasema ni jua la kwenye dau, ingawa kwa akili ya kawaida jua la kwenye dau lingeuma kichwa baada ya dau, si kabla. Hakuna aliyefikiri hivyo. Wakaondoka, tukawatakia safari njema.

Halafu nikaingia mimi na mpwa wangu kutengeneza tangi la darini. Ni mtoto wa dadangu, wakati ule ana miaka 18, amemaliza shule na yuko kwangu kujifunza kazi. Nyumba ilikuwa tupu, na Ami alimruhusu aoge kabla ya kurudi kwao, maana saruji na kutu ya tangi havitoki kwa maji baridi. Jioni ya kwanza alitoka akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia anywe maji. Jioni ya pili vilevile, na safari hii akasema na tumbo linamchafuka. Nikamuuliza amekula nini mchana, akasema mahamri mawili, nikampa somo refu juu ya vijana wasiokula. Somo lile nikilikumbuka leo linaniuma kuliko mengine yote.

Jioni ya tatu tulikuwa kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, mimi nakunja mipira, Ami anamimina kahawa ya tangawizi. Juu maji yalikuwa yakimwagika. Sasa, mtu anapooga, maji yake hayana sauti moja. Yanapiga bega, yanapiga ukuta, yanakatika akiinama, yanarudi. Mimi ni mtu wa maji, sauti hizo nazisikia hata nisipotaka. Nikatambua kwamba kwa muda, sijui dakika ngapi, maji yale yalikuwa yanapiga sakafu tu. Nikaita. Nikaita tena kwa jina lake lote. Nikapanda ngazi mbili mbili.

Komeo lilikuwa ndani. Lilikubali teke la tatu. Mvuke ulijaa mpaka sikumwona, nilimkanyaga kwanza. Na katika kidirisha cha heta niliuona moto: haukuwa ile safu ya meno ya bluu niliyoizoea, ulikuwa ulimi mrefu wa manjano, umelegea, unayumba kama unatafuta kitu. Nikafunga valvu ya gesi, nikamvuta kwa makwapa mpaka ukumbini, na kutoka hapo tukambeba wawili hadi nje kwenye baraza. Ami alitaka kurudi kufunga maji. Nilimpigia kelele asirudi, mzee wa umri wa babangu, na hakunijibu kitu.

Alikuwa anapumua. Tulimlaza ubavu, akatapika, akafumbua macho, akaniuliza kama tangi limejaa. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu kana kwamba hajawahi kuuliza. Tukamtia botini, tukakimbia Lamu mjini.

Hospitali alikuwako daktari kijana, mwembamba, aliyeonekana hajalala siku mbili. Walimbana mpwa wangu kidole kwa kile kidude cha kupima oksijeni ya damu, kikaandika 98. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Daktari hakushukuru. Akauliza, "Alikuwa wapi alipoanguka?" Nikasema chooni. "Kulikuwa na moto wowote humo? Jiko, jenereta, gesi?" Nikasema heta. Akakitoa kile kidude akakiweka kando kama mtu anayeweka kando shahidi wa uongo. "Hiki kinadanganyika," akasema. "Kinaona damu imebeba mzigo, hakijui ni mzigo gani." Akaagiza oksijeni ya kinyago, iliyofunguliwa hadi mwisho.

Usiku ule, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, alinieleza. Moto wa gesi ukipata hewa ya kutosha hutoa hewa ukaa na mvuke wa maji. Ukinyimwa, hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, haichomi koo. Ikiingia kwenye mapafu huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoing'ang'ania. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo, inakaa kwenye viti vyote na oksijeni inabaki imesimama mlangoni. Mtu akitolewa nje akavuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu ile huchukua saa 4 au 5 kutoka. Akivuta oksijeni tupu, ni saa 1 au saa 1 na nusu. Ndiyo maana ya kinyago. Mpwa wangu alilala nacho hadi alfajiri. Alipona, alhamdulillahi, ila kwa wiki kadhaa alikuwa akiweka bisibisi mahali na kusahau kabisa kama aliwahi kuishika.

Mtaani habari ilifika kabla yetu, na ilifika ikiwa na maelezo yake: amepigwa na jini wa chooni. Kijana ameingia chooni na magharibi, anaimba, hakusema bismillahi, ungetaka nini tena? Dadangu akaleta mwalimu wa kumsomea. Sikubishana naye. Mtoto ni wake, na kusomewa hakumdhuru mtu. Yeye alimwacha asomewe sebuleni, mimi nikachukua nyundo na patasi nikarudi Shela.

Nilipoyafungua yale matundu mawili kwa kupiga chokaa yangu mwenyewe, iliyoshika vizuri kweli, nilikaa juu ya ngazi nikahisi upepo wa kusi ukinipita usoni kwenda ndani. Pale ndipo nilipoanza kufikiri kama fundi, miaka 2 imechelewa.

Nilichukua penseli nikaandika ukutani. Kwenye ubavu wa heta pana kibandiko ambacho kila fundi anakiona na hakisomi: kilowati 12. Kilo 1 ya gesi ya mtungi hubeba karibu kilowati-saa 13, kwa hiyo heta ile ikiwaka saa nzima itakula gesi karibu kilo 0.9. Na kila kilo ya gesi hutaka hewa kama mita 12 za ujazo ili iungue sawasawa. Saa moja ya maji moto, basi, ni kama mita 11 za ujazo. Choo chenyewe: 2 mara 1.6 mara 2.7, jumla 8.6. Yaani hewa yote ya mle ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, haitoshi heta ile saa moja, na bado hujamhesabu mwanadamu aliyesimama katikati yake.

Lakini moto hausubiri hewa iishe. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka kukaribia 18, moto wa gesi unaanza kuharibika, na huku unavuta tena moshi wake wenyewe, unaharibika zaidi. Nikipiga hesabu kwa choo kilichozibwa kabisa, kufika hapo ni dakika 7 hivi. Hakuna choo kilichozibwa kabisa, ila mimi nilijitahidi. Na kijana wa miaka 18 mwenye nywele nyingi haogi dakika 7.

Miaka yote ile hatari ya gesi niliyoijua ilikuwa moja: kuvuja. Regyuleta ikae sawa, mpira usiwe na ufa, paka povu la sabuni uangalie viputo. Gesi ya mtungi imetiwa harufu makusudi ili pua ikuamshe. Kwa hiyo pua yangu ilikuwa ndiyo askari wangu, na askari huyu hajui lolote kuhusu adui wa pili.

Jioni hiyo nikampigia simu mzee mmoja wa Kitaliano aliyeko Malindi. Kwao alikuwa fundi wa heta kabla ya kuja kujenga nyumba upande wa Casuarina, na mimi nilimbebea vifaa nilipokuwa kijana. Malindi Kitaliano kinasemwa hadi na wauza madafu, yeye naye Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha kutukana, tukaelewana. Nikamweleza yote. Nilitegemea aulize ni heta ya kampuni gani. Aliuliza, "Tundu liko wapi?"

Nikamwambia nililiziba. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Kisha akanisomea ile sheria ya kwao, aliyowahi kunisomea miaka 15 kabla nikiwa nafikiria chakula cha mchana. Kwa kila kilowati 1 ya heta inayovuta hewa ya chumbani, ukuta uwe na tundu la kwenda nje la sentimita 6 za mraba, na kwa vyovyote lisipungue sentimita 100 za mraba. Tundu hilo halina mlango, halina kifuniko, halina kamba ya kuvuta. Kwa heta yangu ya kilowati 12 hesabu inatoa 72, kwa hiyo unakwenda kwenye 100: tundu la sentimita 10 kwa 10. Na moshi una njia yake peke yake, bomba linalopanda hadi nje. Tundu si badala ya bomba, wala bomba si badala ya tundu. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kwao, hata ukiwa na vyote viwili, heta ya namna ile haifungwi kabisa chooni wala chumba cha kulala. "Haifungwi," akarudia, kwa Kiswahili, ili nisijifanye sikuelewa.

Sentimita 100 zile ni za uwazi mtupu, na hapa ndipo mafundi wa pwani tunapojidanganya. Tunatoboa tundu la 10 kwa 10, tunashukuru, kisha tunapiga neti ya mbu juu yake. Neti ya vitundu vidogo inaweza kula nusu ya uwazi. Miezi mitatu baadaye vumbi na chumvi ya bahari vimekula nusu ya ile nusu. Siku hizi nikilazimika kuweka waya natoboa 15 kwa 20, natumia waya wa macho makubwa wa kuzuia popo, na mbu atafutiwe dawa nyingine. Pia napenda matundu mawili, moja karibu na dari na moja karibu na sakafu. La juu linatoa joto na moshi uliopotea njia. La chini linaingiza hewa, na lina kazi ya pili: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini kama maji, na tundu la juu peke yake halitaisaidia kutoka.

Ukutani nako kuna ukuta na ukuta. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na ukuta unaotazama njia hauchezewi ovyo. Unatafuta upande wa kiwanda. Tena unaangalia upepo. Niliwahi kutoa bomba la moshi upande wa kusini wa nyumba moja kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu. Miezi ya kaskazi lilivuta vizuri ajabu. Kusi lilipoingia likaingia ndani ya bomba pia, likaurudisha moshi wote chumbani. Nahodha yeyote angenicheka.

Kisa cha pili kilinipata Malindi mwaka uliofuata, na hiki kilinifundisha kwamba unaweza kufanya kila kitu sawa na bado ukakosea. Nyumba iko upande wa Silversands, heta iko kwenye stoo ndogo kando ya jiko, ina bomba zuri la moshi, ina tundu. Mpishi analalamika kichwa kila akikaanga samaki jioni. Asubuhi haumwi. Nikapima tundu, sawa. Nikaangalia moto, bluu. Nikaondoka. Akanipigia tena.

Safari ya pili nilikwenda na udi. Nilinunua paketi ya vijiti sokoni, nikawasha kimoja, nikafungulia maji moto na kukishika chini ya mdomo wa bomba la moshi, pale heta inapopumulia. Moshi wa udi ukanyooka, ukaingia kwenye bomba kama uzi kwenye sindano. Mpishi akasimama mlangoni, mikono imejaa unga wa ngano.

"Fundi, waifukiza heta?"

"Naiangalia."

"Imeingiliwa?"

Nikamwambia afanye vile anavyofanya jioni. Akafunga mlango wa nje ili paka wasiingie kwenye samaki, akafunga dirisha ili upepo usimzimie jiko, akawasha feni kubwa ya kufyonza iliyo juu ya jiko. Nikatazama uzi wangu wa moshi. Ukasita. Ukapinda. Ukanirudi usoni. Feni ile ilikuwa inatoa hewa nyingi kuliko nyumba iliyofungwa inavyoweza kuingiza, kwa hiyo ikaitafuta popote, na mlango uliokuwa wazi zaidi ulikuwa ni bomba la moshi. Ilikuwa inalinyonya kinyume. Heta haikukosea, feni haikukosea, bomba halikukosea. Tukatoboa tundu kubwa la jiko lenyewe, nyuma ya kabati ambako hakuna atakayelizonga, nikarudia udi na feni ikiwa inaunguruma, uzi ukapanda. Vijiti vya udi havitoki tena kwenye mkoba wangu wa kazi. Mke wangu anasema nanukia harusi.

Kuhusu rangi ya moto niseme jambo, kwa sababu kila mtu husema "angalia uwe wa bluu" na mambo yakaishia hapo. Kwetu baharini chumvi imo hewani. Ikipita kwenye moto huupaka rangi ya machungwa, vimulimuli vinavyoruka ruka, na moto ukawa mzima kabisa. Nimewahi kusafisha kichomeo mara tatu nikifukuza rangi ambayo ilikuwa ni bahari tu. Moto mgonjwa ni mwingine: mrefu, mlegevu, ncha za manjano zinazolamba, na ukigusa bati la juu yake kidole kinatoka na masizi. Na wa bluu nao si cheti. Huenda ni wa bluu sasa hivi kwa sababu wewe fundi umeacha mlango wazi ili upate mwanga. Funga mlango, funga dirisha, washa feni zote, ngoja dakika 10 ukiwa nje, kisha ndiyo uangalie.

Bibi yangu, aliyenilea, hakujua neno kaboni. Alikuwa akifukiza nguo na kuota moto wa makaa siku za mvua, na makaa yana sumu ile ile, tena kwa wingi, hata yakipata hewa nzuri. Lakini chetezo kikiwa ndani hakuna aliyeruhusiwa kufunga mlango. "Mlango urudishe, usiufunge," alikuwa akisema, na sisi watoto tulijua tofauti: kuurudisha ni kuuleta karibu na fremu na kuuacha na upenyo wa mkono. Tulidhani ni adabu. Nyumba za zamani zenyewe zilikuwa hivyo, vyumba vimefunguka kwenye kiwanda, madirisha hayana vioo, joto linapanda na kutoka. Sisi mafundi ndio tulioleta kioo, silikoni na mpira wa chini ya mlango, kisha tukaleta moto tukauweka ndani yake.

Heta ya Shela niliihamisha. Iko kiwandani sasa, chini ya kipaa kidogo cha bati, na ni maji tu yanayoingia chooni. Kusi liliizima mara mbili wiki ya kwanza, nikaijengea kisanduku cha mbao chenye vibao vya mshazari pande mbili. Mwenye nyumba aliuliza kwa simu kwa nini analipia kazi ambayo alikwisha kuilipia. Nikamwambia halipii, nalipa mimi. Tuliagiza na king'ora cha kaboni monoksidi kutoka Nairobi, tukakiweka chumbani kimo cha mto wa kitanda. Ami alikuwa amenunua kimoja mwenyewe Mombasa kwa furaha, nikakuta ni cha gesi inayovuja, kingekaa kimya huku watu wanakufa. Kile tulikipeleka jikoni, karibu na sakafu, mahali pake.

Mpwa wangu bado yuko kwangu. Ana mkono mzuri wa kazi kuliko nilivyokuwa umri wake, na ni mtu wa maneno machache tangu siku ile, au pengine amekua tu. Mwezi uliopita tuliitwa nyumba moja ya Mkomani kubadilisha bomba lililopasuka. Heta ya pale iko kwenye stoo, tulifunga sisi, matundu mawili, na pembeni ya la chini yeye aliandika kwa rangi nyekundu: USIZIBE. Dada anayefagia alitufungulia, akatuambia maji siku hizi yanachelewa kupata moto.

Nilikuwa bado natoa spana mkobani. Yeye aliingia moja kwa moja, akapiga goti mbele ya yale maandishi yake, akatia mkono kwenye tundu na kuvuta. Likatoka tambara la kupigia deki, limekunjwa vizuri mara nne, kavu, linanuka sabuni.

"Panya," dada akasema. "Wanaingia hapo."

Mpwa wangu akalikung'uta, akalitia mfukoni mwa suruali yake, akaniomba waya wa macho makubwa.